Jiwe Lililomfuata Manirambona

Jumamosi saa tisa alasiri Ernesta alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, Kibondo mjini, anachambua maharage. Mabovu aliwatupia kuku, mazima aliyaweka kwenye beseni, na vijiwe alivifunika chini ya kopo ili mtoto anayekuja asiviokote akavila. Chupa ya chai alikuwa amekwisha kuipandisha juu ya kabati. Jiko la mkaa alikuwa amelisogeza nyuma ya mlango, na sanamu ya Bikira Maria ameitoa kwenye kimeza kifupi akaiweka juu ya redio. Mtu aliyelea watoto watano haambiwi namna ya kuipanga nyumba inayomngojea mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Niyubahwe alishuka kwenye bodaboda saa tisa na nusu, mtoto mgongoni, mfuko mmoja wa nguo mkononi, na chupa ya uji uliokwisha kuchachuka njiani. Alikuwa ametoka kwao Burundi alfajiri ile, akavukia Nyabibuye. Kwenye nguo ya kifua alikuwa amekunja karatasi ya siku saba yenye muhuri, inayosema anakwenda Kibondo kumtembelea rafiki.

"Mwidiwe, Mama Erne."

"Mwidiwe, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Ni huyu anayekumaliza?"

"Ni huyu. Ananyonya kama mtu anayechelewa kazini."

Mtoto aliitwa Manirambona, maana yake Mungu ananiona. Aliwekwa chini, akawatazama kuku, akamkimbilia mkubwa wao, akaanguka kwenye beseni la maharage. Hakulia. Ernesta alianza kuchambua upya.

Saa kumi na moja jiwe la mpaka likafika. Lilikuwa jiwe la zege, urefu wake kama mtoto wa darasa la pili, limepakwa chokaa kichwani na kuchongwa namba ubavuni. Liliingia kwa njia ya nyuma likijiburuta polepole, likiacha mfereji kwenye vumbi kama gunia la mkaa lililovutwa, likasimama hatua mbili kutoka kwa mtoto.

"Nisamehe, mama," Niyubahwe alisema. "Kwenye simu sikukwambia kwamba tuko watatu. Pale mpakani nilimweka juu yake nimfunge nguo kavu. Akalikojolea. Halafu akalipigapiga kichwani, akaliambia lije."

"Linakula nini?"

"Halili kitu."

"Afadhali," Ernesta akasema, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria.

Hawa wawili walijuana kwenye soko la kambi, kambi ile ya wakimbizi iliyokuwa mbele ya Kakonko, kabla haijafungwa. Ernesta alikuwa akipeleka mafuta ya mawese na ndizi, Niyubahwe akiuza sabuni ya vipande. Mume wa Ernesta, Longinus, alipofariki, ndugu wengi walituma salamu. Niyubahwe alitoka kambini bila ruhusa, akatembea siku nzima, akalala kwenye mkeka karibu na mjane usiku nne mpaka matanga yakaanuliwa. Aliporudi walimfungia siku sita kwa kosa la kutoka. Ernesta hakusahau hata siku moja ya hizo sita.

Kwa akina Ernesta, mtoto mgeni hulazwa katikati ya nyumba. Halazwi ukutani wala mlangoni, asije akajiona amesukumwa. Basi usiku ule walitandika godoro katikati ya sebule, wakamlaza hapo. Jiwe likaja likasimama upande wa kichwa chake. Wangemlaza kwenye chumba cha mwisho wangejiepusha na mengi, lakini haikuwapitia akilini. Mtoto wa mgeni wa nani analazwa pembeni?

Asubuhi Ernesta alitoka chumbani saa moja, akaenda jikoni kuwasha moto, akafika saa kumi na mbili. Aliitazama simu yake. Ilikuwa na ujumbe unaomkaribisha Burundi na kumweleza bei ya kupiga kwenda nje. Alirudi sebuleni, ikawa saa moja. Akaelewa jinsi nyumba ilivyogawanyika: sebule na vyumba viko Tanzania, na jikoni, upande wa magharibi, kuko Burundi, ambako saa zao ziko nyuma kwa saa moja. Alishukuru, kwa sababu siku ile ilikuwa Jumapili na alikuwa amechelewa kusali rozari. Aliisali jikoni, muda ukamtosha.

Kanisani jiwe liliingia nyuma ya mtoto likasimama kati ya mabenchi. Kwaya ikabaki upande wa pili. Padri aligawa komunyo pande zote mbili bila kumuuliza mtu.

Aliyeuliza ni Majaliwa. Majaliwa ni mwenyekiti wa kitongoji, na pia ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo wanayosali Ernesta na majirani kila Alhamisi. Ana sauti nzuri ya kuanzisha nyimbo. Alikuja mchana uleule na daftari la mistari, akaketi kwenye kochi upande wa Tanzania, akakataa chai kwa sababu ilikuwa imepikwa ng'ambo.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina. Karibu."

"Nimekuja kama kiongozi, si kama ndugu. Tangu asubuhi umevuka mara ngapi?"

"Nimevuka kwenda wapi?"

"Jikoni."

Ernesta alimtazama. "Nimekwenda kusonga ugali."

"Andika hapa. Jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Sababu ya safari, ugali."

Dirishani alikuwa amesimama Adija, mwenye duka la jirani, aliyekuja kumwona mtoto na kumletea biskuti. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Majaliwa, na choo je? Choo cha Mama Ernesta kiko nchi gani?"

"Choo bado kinachunguzwa."

"Basi chunguzeni haraka, mwenzenu ni mtu mzima."

Majaliwa hakucheka. Aliandika tarehe, akapiga mstari kwa rula. Ernesta alijaza daftari lile mpaka usiku. Sababu ya safari, chumvi. Sababu ya safari, maji ya kumwogesha mtoto. Alikuwa amezaliwa Kibondo, na baba yake amezikwa Kibondo, na sasa akitaka kijiko alikuwa anaomba. Alisali ili asichukie, na akiwa anasali alichukia.

Mchana mtoto alipotembea, jiwe lilimfuata na mpaka nao ukahama. Jumatatu alizurura kati ya wauza nyanya sokoni, na wauza nyanya wakahamisha meza zao mara tatu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifumua nywele za mwenzake alijikuta nchi nyingine na kichwa alichokishika, wakaendelea. Watu hawakugombana na jiwe. Waliligombeza tu pale lilipopita juu ya dagaa.

"Buye," mtoto alikuwa akiliita, maana kwao jiwe ni ibuye. Likija alifurahi. Lisipokuja upesi alilia, na mama yake alilazimika kumbeba na kulingoja kama mtu anayengoja bibi mwenye magoti mabovu.

Lakini Niyubahwe hakuja Kibondo kwa matembezi. Jumatatu jioni, wakimenya mihogo, alimweleza Ernesta. Mama yake, Ndayiragije, alikufa kambini Agosti ya mwaka elfu mbili na kumi na tisa, kwa homa, na Ernesta mwenyewe alisaidia kumzika. Siku mbili kabla alimwambia, mtoto utakayemzaa umlete aniketie kaburini, nimjue uzito wake. Kambi ilipofungwa malori yalikuja kabla ya siku iliyotangazwa. Niyubahwe aliondoka na sufuria moja, bila kuaga kaburi. Alikuwa akilihesabu deni hilo tangu siku hiyo.

"Nataka amketie tu, Mama Erne. Hata dakika tano. Halafu nirudi kwetu, nife hata kesho, sina deni naye."

"Usife kesho, nani atamlea huyu na jiwe lake? Tutakwenda."

Lile eneo la kambi lilikuwa limefungwa, na karatasi ya siku saba ilisema Kibondo peke yake. Kibali cha kwenda huko kilitoka ofisi moja ya Kasulu. Jumanne Ernesta alipanda basi la alfajiri, akamwacha mgeni na mtoto wake, na jiwe, na daftari.

Ofisi ilikuwa na benchi moja na watu kumi na wanne. Zamu yake ilifika saa nane. Karani alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, aliyehamishiwa Kasulu kutoka mkoa mwingine. Alimwamkia vizuri. Alimvutia kiti.

"Tunaomba kutembelea kaburi," Ernesta alisema. "La mama wa mgeni wangu. Anaitwa Ndayiragije."

Karani alifungua faili nene, akapitisha kidole. "Ndayiragije. Mwanamke. Elfu moja mia tisa hamsini na nane. Huyu alirejea kwa hiari, mama. Yuko kwao."

"Alikufa. Mimi nilishika beseni walipomwosha."

"Naelewa, mama. Pole. Lakini orodha ya kufunga kambi ina safu mbili. Waliohamishiwa kambi nyingine, na waliorejea kwao kwa hiari. Huyu hakuhamishwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo alirejea."

"Akiwa maiti miaka miwili?"

"Safu ya hiyo haipo." Aligeuza karatasi amwonyeshe, bila ubaya wowote. "Na aliridhia. Dole gumba lake hili hapa."

Ernesta aliliangalia lile dole. Lilikuwa pana, la mwanamume, na lilikuwa limebonyezwa kwa haraka. Chini yake kulikuwa na mengine ya upana uleule mpaka mwisho wa ukurasa, na ukurasa uliofuata. Alisali Salamu Maria tatu kimya kabla hajajibu, kwa sababu alikuwa anaujua ulimi wake.

"Hawa wote wamekufa?"

"Hawa wote wamerejea, mama."

"Basi nipe kibali cha kwenda kuangalia kama hawapo."

Karani alifikiri kwa uaminifu. "Kibali cha kaburi siwezi kutoa, kwa sababu kaburi halipo. Naomba radhi sana. Umekunywa maji? Kuna maji pale nje."

Aliporudi Kibondo jua lilikuwa linazama. Alimwambia Niyubahwe yote, hata upana wa dole. Niyubahwe alikuwa anampangusa mtoto pua. Aliendelea kumpangusa hata pua ilipokuwa kavu, mpaka mtoto akamsukuma mkono.

"Mama yangu hakuwa na dole gumba la mkono wa kulia," alisema. "Lilikatwa na mashine ya kusaga, mimi nikiwa mdogo."

"Najua. Niliuona mkono."

Ijumaa ilikuwa siku ya saba. Asubuhi gari la ofisi lilisimama mlangoni. Walishuka yule karani kutoka Kasulu, ambaye alikuwa ametumwa kufuatilia suala la jiwe, na Majaliwa, ambaye alikuwa ameomba lifti. Walisema jiwe lazima lirudi mahali pake leo, kwa kuwa tangu Jumatano lilikuwa limekata barabara ya hospitali na wagonjwa walikuwa wanajaza daftari. Walijaribu kulibeba. Vijana wanane hawakulitikisa. Mtoto alipita akaenda kumfuata kuku, likaenda naye.

"Litarudi akirudi yeye," Niyubahwe alisema. "Na mimi nitarudi. Lakini napita kwa mama yangu."

"Hilo haliwezekani," Majaliwa alisema. "Sheria ni sheria, dada. Hata Maandiko yanasema tutii wenye mamlaka."

"Yanasema pia usimshuhudie jirani yako uongo," Ernesta alisema. "Hiyo ni amri, Majaliwa. Iko kwenye zile kumi, ulizowafundisha watoto wangu."

Majaliwa alitazama viatu vyake. Karani alifungua faili, akafikiri tena kwa uaminifu.

"Kaburi halipo," alisema hatimaye. "Kwa hiyo wakipita pale hawatembelei kitu. Kusimama mahali ambapo hapana kitu si kosa. Wapande."

Walipanda wote. Jiwe likafuata nyuma kwenye lami.

Pale palipokuwa kambi palikuwa na nyasi, misingi ya matofali iliyobomolewa, na mikaratusi. Sehemu ya makaburi mtu alikuwa ameilima mihogo. Misalaba haikuwapo. Niyubahwe hakuuliza. Alikwenda kwenye sakafu ya lile bomba la maji walilokuwa wakipangia ndoo, akaligeuzia mgongo, akahesabu hatua arobaini na mbili kuelekea mkaratusi wenye matawi mawili. Akasimama kati ya matuta mawili ya mihogo, akapiga magoti, akapapasa udongo kama mtu anayetafuta mtu kitandani gizani.

"Ni hapa."

Alimfungua mtoto mgongoni, akamkalisha. "Mama, ni huyu. Anaitwa Manirambona. Ana kilo kumi na moja."

Mtoto alikaa. Alichukua udongo akaula kidogo, akautema, akapewa titi. Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa ndefu. Alinyonya mpaka akalala, na mama yake akamlaza palepale kwenye kitenge. Ernesta akawafunika kivuli kwa kanga yake, akiwa amesimama. Dakika tano zikapita, na nyingine.

Baada ya nusu saa jiwe likafika. Lilipenya kati ya mihogo bila kuvunja hata shina moja, likamzunguka mtoto, likasimama upande wa mashariki, usoni kwake.

Simu ya karani ikalia. Alisoma ujumbe, akaitazama saa, akairudisha nyuma kwa saa moja. Alikuwa amesimama upande wa magharibi wa jiwe, pamoja na kaburi. Alifungua faili juu ya goti, akatafuta jina, na uso wake ukapata amani ya mtu aliyekuwa na jino bovu likang'oka.

"Ndayiragije yuko Burundi," alisema. "Orodha iko sahihi."

"Nini?" Ernesta aliuliza.

"Iko sahihi, mama. Amerejea." Akapiga alama ndogo ya vema. "Na huyu dada naye yuko kwao tayari, na mtoto. Naweza kuwaandika hapahapa. Wamerejea kwa hiari, mahali hapa, saa hii. Nahitaji shahidi mmoja, Mtanzania. Tia sahihi hapa, mama."

Ernesta aliipokea kalamu. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, na alikuwa akiandika barua za nusu ya mtaa. Pale penye nafasi ya sahihi aliandika, kwa herufi kubwa: NDAYIRAGIJE ALIKUFA TAREHE 9 MWEZI WA NANE 2019. SISI TULIMZIKA. DOLE HILI SI LAKE, YEYE HAKUWA NA DOLE. Akamrudishia.

Karani alisoma mpaka mwisho. "Mama, nafasi ni ndogo. Umeandika nje ya mstari."

"Kaburi nalo liko nje ya mstari. Lisome vilevile."

"Hii siwezi kuigonga muhuri."

"Usiigonge. Iweke kwenye faili hivyohivyo, mtu mwingine akifungua aione."

Karani aliichomoa karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati lililopigwa pasi. Akatoa nyingine safi. Majaliwa alisogea bila kuitwa, akachovya dole gumba lake kwenye wino, akalibonyeza kwa haraka. Lilikuwa dole pana. Alijipangusa kwenye jani la muhogo.

Ernesta aliliangalia lile jani, halafu akamwangalia Majaliwa, na Majaliwa akaanza kuzungumzia mvua.

Saa tisa kwa saa ya Tanzania, mtoto aliamka. Alilitafuta jiwe, akaliona, akacheka. Niyubahwe alimfunga mgongoni. Aligusa udongo kwa mkono wazi, akauweka mkono huo kifuani kwa Ernesta, na Ernesta akaufunika kwa wake.

"Nimemjua uzito wake," mgeni alisema kwa niaba ya mama yake.

"Nenda mwanangu. Ukifika nipigie. Huyo mpe uji, usimpe kila akililia titi."

Gari lilielekea magharibi, Ernesta akabaki, na jiwe likafuata. Lilipopita mstari wa mwisho wa mihogo, simu ya Ernesta ilimkaribisha Tanzania. Kaburi lilikuwa nyuma yake, upande wa mashariki, palepale lilipokuwa tangu siku walipolichimba. Alimpigia karani, ambaye hakuwa amefika hata barabarani.

"Jiwe limeondoka," alisema. "Ndayiragije yuko Tanzania. Rekebisha."

"Mama, faili nimeshalifunga."

"Lifungue."

"Likishafungwa halifunguliwi. Safari njema."

Jiwe lilisimama mahali pake Nyabibuye kabla ya machweo, na halijaondoka tena. Mtoto alilia njia nzima ya kwenda kwao. Kibondo walifuta daftari la kuvuka, na Majaliwa alizitumia karatasi zilizobaki kuandikia michango ya jumuiya.

Alhamisi iliyofuata walisali nyumbani kwa Ernesta. Watu kumi na saba walikuja, wakajaza sebule na wengine wakaketi jikoni. Majaliwa aliongoza. Ilipofika maombi ya waamini alifumba macho, akasema kwa sauti yake nzuri, "Tuwaombee wageni wetu waliorejea kwao kwa hiari, Bwana awalinde."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakajibu wote, isipokuwa mwenye nyumba.

Ernesta alikuwa amepiga magoti karibu na mlango. Alisubiri wanyamaze.

"Tumwombee Ndayiragije," alisema, "ambaye hajarejea popote. Amelala chini ya mihogo, wilaya ya Kakonko, Tanzania. Na tumwombee aliyemtilia dole, aukate mkono wake mwenyewe kabla Mungu hajamuuliza."

Mtu mmoja jikoni alikohoa. Majaliwa alifumbua macho, akapekua kitabu chake mpaka akapata ukurasa, akaanzisha wimbo wa mwisho, nao wakaimba beti zote nne.